Nilichomwandikia kaka yangu kundini hakifutiki

Mpendwa Mshauri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mwalimu wa shule ya msingi mjini Tanga, mama wa watoto wawili na mtoto wa tatu kati ya watano wa mama yangu. Nimeisoma safu yako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja nami nitaketi kukuandikia, lakini jambo hili limenikaa kifuani kwa wiki saba sasa na sina tena mtu wa kumwambia ambaye hajachagua upande.

Mama yetu anaugua kisukari, na tangu mwaka jana ana kidonda kwenye mguu wa kushoto ambacho kikikaribia kufunga hufumuka tena. Anaishi kwangu. Kila alfajiri kabla sijaenda shuleni nanawa mikono, nafungua bendeji, naosha kidonda kwa maji ya chumvi yanayouzwa duka la dawa, naweka shashi mpya, nafunga. Jioni nampima sukari. Gharama zote naziandika kwenye kaunta buku, na risiti nazibana kwa pini kwenye ukurasa wa mwezi wake.

Kaka yetu mkubwa yuko Muscat, ni dereva, huu ni mwaka wake wa 11. Ndiye anayetoa sehemu kubwa ya pesa za matibabu. Kila tarehe 3 ya mwezi huzituma kwenye simu yangu, na zamani hakuwa akingoja hata dakika tano kabla ya kupiga na kuuliza, "Zimefika?" Wengine huchangia wanapopata. Tuna kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu 43: sisi ndugu watano, wake na waume zetu, shangazi, wajomba, binamu, na hata wakwe. Humo tunatangaziana misiba, harusi na michango.

Jumatano moja, saa 5:31 usiku, kaka aliandika kundini: "Naomba mchanganuo wa matumizi ya mwezi uliopita." Basi. Hapakuwa na salamu, hakuuliza mama anaendeleaje, na mwisho wa sentensi aliweka nukta. Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka kusahihisha madaftari, sukari ya mama ilikuwa imepanda hadi 19, na nilikuwa najiuliza kama nitafute bajaji usiku ule nimpeleke hospitali au nisubiri kuche. Saa 5:36 nilimjibu mbele ya watu wote: "Kaka, anayelala na mgonjwa ni mimi. Wewe umelala kwenye kiyoyozi unataka mahesabu. Baba alipokufa hata kaburini hukufika, leo ndiyo unajua uchungu wa mzazi?"

Baba alifariki Mei 2020. Viwanja vya ndege vya Oman vilikuwa vimefungwa tangu mwishoni mwa Machi kwa sababu ya korona, na safari za kawaida hazikurudi hadi Oktoba. Kaka aliyafuata mazishi kwa simu ya video, na aliyeishika simu hiyo pale makaburini ni mimi. Nilikuwa nalijua hilo wakati naandika.

Nilipobonyeza kutuma nilihisi nafuu kwa muda wa dakika moja hivi. Kisha nikafungua orodha ya waliousoma ujumbe, na jina la kaka lilikuwa la pili. Hakuna aliyeandika kitu, isipokuwa wifi yangu mmoja aliyeweka alama ya viganja vilivyounganishwa. Saa 6 na robo nikaufuta, pakabaki maneno "Ujumbe huu umefutwa", na kwa waliokuwa hawajausoma nadhani hilo lilikuwa baya zaidi kuliko ujumbe wenyewe. Asubuhi binamu yangu akanitumia picha ya skrini ya ujumbe ule ule niliodhani umekwisha, na nasikia picha hiyo imefika hadi kwa watu wasiokuwa kundini. Kaka alikuwa ameshatoka. Hatukuona tangazo lolote, mdogo wetu ambaye ndiye msimamizi wa kundi ndiye aliyetuambia.

Tangu siku hiyo tarehe 3 imepita mara mbili. Pesa zimeingia mara zote mbili, na mara ya pili zilizidi. Simu inatoa mlio, natazama kiasi, kisha kimya.

Mdogo wangu anasema niombe radhi kundini, kwa kuwa nilimvunjia heshima mbele za watu. Shangazi anasema nisithubutu, kwamba kumdai mahesabu mtu anayeuguza ni kumwita mwizi. Mume wangu anasema niache muda upite. Nimeandika rasimu nne za kuomba radhi, na kila nikifika mstari wa tatu najikuta naandika "lakini". Maana ukweli ni kwamba nimechoka, Mshauri. Katika watu wale 43 hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimelala.

Linalonitisha zaidi ni kwamba uso kwa uso siwezi kumtolea kaka maneno kama yale. Hata jina lake sijawahi kulitamka mbele yake. Na si mara ya kwanza: mwaka huu niligombana na mwalimu mwenzangu kuhusu zamu kwenye kundi la shule, kwa maneno ambayo katika chumba cha walimu yasingetoka kinywani mwangu. Je, simu inanibadilisha, au inanionyesha nilivyo? Nimwombe radhi wapi na vipi? Na nikiomba radhi, si nitakuwa nimekubali kwamba mambo yaendelee hivi hivi? Mama naye ameanza kuuliza kwa nini mwanawe mkubwa siku hizi anapiga kwenye simu ya jirani badala ya simu yangu.

Dada wa Tanga

*

Dada yangu wa Tanga,

Wa aleikum salaam. Niruhusu nikupe kwanza pole ya kuuguza, kwa sababu nimeisoma barua yako mara tatu na sikuona mahali ambapo mtu amekupa. Kidonda cha kisukari kinachofumuka kila kinapotaka kufunga humchosha anayekisafisha karibu sawa na anayekiugua, na wewe unakisafisha kabla ya kwenda kusimama mbele ya darasa.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mambo mawili ambayo usiku ule yalifungwa kwa kamba moja. La kwanza ni jeraha ulilomtia kaka yako mbele ya ukoo, kwa jambo ambalo ulijua si kosa lake. La pili ni malalamiko yako mwenyewe, ya kweli na ya muda mrefu, kwamba kazi ya kumtunza mama imekuangukia wewe peke yako. Unaogopa kwamba ukilishika la kwanza, la pili litazama, na nadhani ndiyo maana rasimu zako zote nne zinakwama kwenye neno "lakini". Hilo neno linabeba jambo la kweli, ila limekaa katika barua ambayo si mahali pake.

Hebu turudi kwenye ujumbe wa kaka. Una maneno saba, na yanaomba mchanganuo wa matumizi ya mwezi uliopita. Wewe ulisikia humo kwamba unaiba, shangazi naye akasikia hivyo hivyo, na inawezekana kabisa kwamba mko sahihi, kwa sababu mimi simjui kaka yako. Lakini mwaka 2005 watafiti wa Marekani, wakiwamo Justin Kruger na Nicholas Epley, walichapisha uchunguzi unaogusa jambo hili moja kwa moja. Waliwapa watu kazi ya kutumiana sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, wengine kwa sauti na wengine kwa barua pepe. Waliosikia sauti walitambua vizuri ipi ni ipi. Waliosoma maandishi hawakumzidi sana mtu anayebahatisha. Na waandishi pamoja na wasomaji wote walikuwa na hakika kwamba wanaelewana. Sababu yake ni rahisi kuielewa ukishaambiwa: mwandishi huisikia sauti yake mwenyewe kichwani anapoandika, akadhani imeingia kwenye maneno, na msomaji naye huyasoma maneno yale yale kwa sauti anayoiweka yeye.

Kwa hiyo nakuuliza, na sihitaji jibu, ujumbe ule uliusoma kwa sauti ya nani? Tanga ilikuwa saa 5:31, na Muscat, iliyotutangulia kwa saa moja, ilikuwa saa 6:31 usiku. Dereva ambaye bado yuko macho saa hiyo huenda alikuwa ametoka kazini. Huenda alikuwa na deni linalomnyima usingizi. Huenda aliulizwa swali na mke wake akataka kulijibu, au huenda alikuwa na shaka na wewe kweli. Sentensi yake inazibeba hizo zote, na nukta yake haituambii ipi. Nakubali kwamba kukosa salamu kunauma. Sisi ni watu ambao barua zetu zilianza na "ama baada ya salamu" hata pale zilipokuwa zinaleta habari za kifo, na mtu akikurukia na dai bila kukujulia hali unahisi amekupita mlangoni bila kubisha hodi. Ila katika kundi ambalo watu huongea tangu asubuhi hadi usiku, wengi hudhani salamu ya asubuhi bado inafanya kazi.

Jambo jingine ambalo ningependa ulitazame kwa upole ni lile swali lako kama simu inakubadilisha au inakuonyesha ulivyo. Mwanasaikolojia wa Marekani John Suler aliandika mwaka 2004 kuhusu namna vizuizi vya nafsi vinavyolegea mtandaoni. Alitaja sababu kadhaa, mojawapo ikiwa kwamba hatuyaoni macho ya tunayemwambia, na nyingine kwamba mtu anaweza kutupa neno kisha akaondoka bila kuona lilipoangukia. Lakini alikataa pia wazo kwamba mtu wa mtandaoni ndiye mtu halisi aliyekuwa amefichwa na adabu. Kwa maoni yake nafsi ina pande nyingi, na mazingira tofauti huvuta pande tofauti. Naona hivyo pia kwako. Dada ambaye hawezi kutamka jina la kaka yake mbele yake ni wewe halisi, na mwanamke aliyechoka aliyeandika saa 5:36 ni wewe pia. Kinachokosekana kwenye simu ni yule wa kwanza kupata muda wa kumshika mkono yule wa pili.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa Pwani, hili nitalisema kwa mfano unaoujua. Bibi zetu walikuwa na hasira kama zetu, na hawakuzimeza. Aliyechukizwa na jirani alikwenda dukani, akapekua kanga moja baada ya nyingine akitafuta jina linalosema lililomo moyoni mwake, akainunua, akaishona pindo, kisha akangoja siku ya kupita mbele ya baraza la huyo jirani. Kati ya hasira na neno palikuwa na safari, fedha, sindano na uzi, na njiani wengine walibadilisha jina la kanga, wengine walirudi nyumbani mikono mitupu. Hata neno lenyewe lilipofika, lilikuwa fumbo, na aliyelengwa aliweza kulipokea, kulijibu kwa kanga yake, au kujifanya hakuliona na heshima yake ikabaki. Sisemi kwamba mafumbo hayaumizi, maana tunajua nyumba zilizovunjika kwa mafumbo. Nasema yalimwachia mtu mlango. Ujumbe wako ulimfikia kaka ndani ya dakika tano, mbele ya watu 43, ukiwa umemtaja yeye, ukamtaja baba na kaburi, na mlango pekee aliouona ni ule wa kutokea.

Simu haina safari ya kwenda dukani, kwa hiyo mwenye simu analazimika kuitengeneza mwenyewe. WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, na kuufuta kwa wote ndani ya siku mbili na kidogo, lakini yote hayo yanafanya kazi baada ya neno kutoka, na umeshaona yanaweza kidogo namna gani mbele ya picha ya skrini. Safari ninayoifikiria ni ya kabla. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles walionyesha kwamba mtu anapoitaja hisia kwa jina lake, kwa neno tu, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo huwaka mbele ya tishio, hupunguza kasi yake. Nafuu uliyoipata baada ya kutuma ni kitu tofauti, na ulikuwa mkweli kusema ilidumu dakika moja. Brad Bushman alichunguza hilo mwaka 2002: watu waliochokozwa wakapewa mfuko wa kupiga ngumi huku wakimfikiria aliyewachokoza walitoka na hasira nyingi kuliko waliokaa kimya bila kufanya kitu. Kutoa ya moyoni hakulingani siku zote na kuyajua ya moyoni.

Jaribu basi kuirudisha ile saa 5:31 na uipe hisia yako jina. Utasema hasira, na ni kweli. Lakini nyuma ya hasira mimi naona kipima sukari kikisoma 19, naona mtu asiyejua kama atafute bajaji usiku wa manane, na naona upweke mkubwa. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi lile lililotaka kuandikwa usiku ule lilikuwa karibu na hili: "Kaka, sukari ya mama ni 19, naogopa, na sijui la kufanya." Huenda angepiga simu papo hapo. Huenda asingepiga. Ila hakuna mtu katika wale 43 ambaye angepata nafasi ya kuusoma kama vita. Na hapa nina swali jingine ambalo natumaini hutalichukulia kama lawama. Unasema hakuna aliyewahi kukuuliza kama umelala. Sikuona popote katika barua yako kwamba uliwahi kuwaambia hulali. Watu walio mbali huona pesa zimefika na mgonjwa anaendelea, wakadhani yote yako sawa, na wewe unangoja waone kile ambacho umejitahidi sana wasikione.

Sasa tuje kwenye kuomba radhi. Pendekezo la mdogo wako lina haki ndani yake, kwa sababu aliyeaibishwa mbele za watu hupona nusu tu akiombwa radhi chumbani. Lakini kaka hayumo kundini tena. Ukiandika humo leo utakuwa unamwomba radhi mtu aliyetoka mbele ya watu waliobaki, naye ataisoma kwa picha ya skrini kama ulivyosomwa wewe, huku wengine wakiweka maoni yao chini yake. Huenda kundi likafaa baadaye, kwa idhini yake, na kwa maneno machache ya kurudisha heshima yake. Simu ya sauti inakupa kile ambacho maandishi yanakunyima, yaani pumzi, kigugumizi, hata kilio. Hatari yake ni kwamba anaweza asipokee, au akapokea mkafika tena kwenye mahesabu kabla hamjamaliza kaburi. Ukichagua njia hiyo, kumbuka kwamba mapumziko ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, ingawa ratiba ya dereva unaijua wewe kuliko mimi, na mtu anayeshika usukani si wa kupigiwa simu nzito. Ujumbe wa sauti uko katikati: anasikia sauti yako na anachagua saa ya kukusikiliza, lakini nao unaweza kusafiri bila wewe.

Ipo pia njia ya kumtuma mtu mzima, mjomba kwa mfano, na katika familia zetu njia hiyo imesuluhisha mengi. Ningekuwa mwangalifu na shangazi. Anakupenda, lakini ameshahukumu, na mjumbe aliyeshahukumu hubeba ujumbe wake pamoja na wako. Kuhusu kumdai mahesabu kuwa ni kumwita mtu mwizi, nadhani unaweza kumkumbusha kwa adabu aya ya 282 ya Sura ya Baqara, inayoamuru deni liandikwe na kueleza kwamba kuandika ndiko kunakoondoa shaka. Pesa za mama si deni, najua. Ila wewe mwenyewe unaandika kila kitu na kubana risiti kwa pini, kwa hiyo moyoni unajua kwamba hesabu si tusi. Inawezekana uliumia kwa sababu ulikuwa na jibu zuri kabisa la kutoa, na hukuombwa kwa namna uliyostahili.

Shauri la mume wako la kuacha muda upite sitalidharau. Kuna watu ambao ukiwawahi kabla hasira haijapoa unawajeruhi upya. Wasiwasi wangu ni kwamba wiki saba zimepita, na kimya cha ndugu aliye mbali hakina mlango unaogonga wala mtoto anayetumwa kuomba chumvi. Kimya cha mbali hakichakai chenyewe kwa urahisi kama cha jirani.

Lolote utakalochagua, nadhani uzito wote uko mahali pamoja. Kama utamwomba radhi kwa "maneno makali", huenda akakubali, na bado lile la baba likabaki. Wewe ndiye shahidi aliyemshikia simu juu ya kaburi. Labda ulimwona usoni kwenye kioo kile kidogo wakati udongo unarudishwa, jambo ambalo hakuna mwingine katika ukoo aliyeliona kwa ukaribu huo. Kwa hiyo ujumbe wako ulimuumiza kwa namna ambayo ujumbe wa mtu mwingine yeyote usingeweza, na kwa sababu hiyo hiyo wewe ndiye pekee unayeweza kumwambia: "Nilijua huwezi kuja. Niliiona hali yako siku ile. Nililolisema halikuwa kweli, na nililisema nikijua." Sitaki kukuandikia maneno yako, na haya uyatumie kama yanakufaa tu. Angalia hata hivyo kwamba yanaweza kusimama bila "lakini", kwa sababu hayagusi kabisa nani anamwosha mama kidonda.

Hilo la kidonda lina haki ya kuwa na siku yake. Usilitupe. Unaweza kulileta wiki mbili baada ya kupatana, au mwezi, na pengine mahali padogo zaidi ya kundi la watu 43, kwa mfano ninyi ndugu watano peke yenu. Ukifika huko, ombi lenye umbo hujibika zaidi ya malalamiko: kwamba unahitaji mtu wa kukupokea siku mbili kwa wiki, au pesa ya msichana wa kusaidia alfajiri, au ndugu mmoja aje akae na mama wakati wa likizo za shule upate kulala. Wanaweza kukataa, na hilo litauma kwa namna mpya, kwa kuwa sasa hutaweza kusema hawakujua. Kaunta buku nayo ina siku yake. Ukimtumia picha za kurasa zake pamoja na radhi, zitaonekana kama utetezi. Zikija baadaye, zimetangulizwa na salamu na habari ya mguu wa mama, zinaweza kuwa kile alichokiomba tangu mwanzo.

Kuhusu mama, sidhani unahitaji kumweleza yote wala kumficha yote. Amelea watoto watano, na mwanawe akianza kupiga kwenye simu ya jirani anajua kuna kitu. Unaweza kumwambia kwamba wewe na kaka mmekoseana na unatafuta namna ya kurekebisha. Kumbuka tu kwamba ukimwambia zaidi ya hapo, naye atapiga simu Muscat kabla yako.

Limebaki jambo moja dogo, ambalo nililiona niliposoma barua yako mara ya tatu. Umesema simu inatoa mlio, unatazama kiasi, kisha kimya, na umekieleza kama kimya cha kaka. Lakini yeye ametuma mara mbili, na mara ya pili akazidisha. Hukuniambia kama umewahi kumjibu kwamba zimefika. Huenda ulimjibu ukasahau kuniandikia. Kama hukumjibu, basi huenda naye anakaa kila tarehe 3 akitazama simu yake, kwa saa ya Muscat, akijiuliza swali lile lile alilokuwa akikupigia kukuuliza.

Mshauri wako